Kuunganisha Kompyuta Mpakato Mpya na Ruta ya Nyumbani: Mwongozo Kamili kwa Wakazi wa Mtwara na Lindi

Mpwa wangu alinijia nyumbani Chikongola siku ya tatu baada ya kununuliwa kompyuta mpakato yake ya kwanza, akaniambia kuwa imeharibika. Jana yake jioni aliiunganisha vizuri na ruta ya kwao, akazungumza kwa video na dada yake aliyeko Dodoma, na sasa jina la mtandao wao halimo hata kwenye orodha. Nilimwuliza swali moja tu: kwenu umeme upo? Ulikuwa umekatika tangu saa tisa alasiri. Kompyuta yake ilikuwa ikiwaka kwa betri, lakini ruta haina betri, kwa hiyo ilizimika pamoja na taa na feni, na mtandao ukaondoka nayo.

Kisa hicho ndicho kilichonifundisha mahali pa kuanzia ninapomsaidia mtu. Katika kuunganisha kompyuta na intaneti ya nyumbani kuna viungo viwili. Kiungo cha kwanza ni kati ya kompyuta na ruta, nacho hupita hewani ndani ya nyumba yako mwenyewe. Kiungo cha pili ni kati ya ruta na mtoa huduma, nacho hupita kwa laini ya simu iliyomo ndani ya ruta au kwa waya wa faiba unaoingia ukutani. Pau za alama ya Wi-Fi kwenye kompyuta hueleza hali ya kiungo cha kwanza peke yake. Mtu anaweza kuwa na pau zote zilizojaa na asipate ukurasa hata mmoja, kwa sababu bando limekwisha. Na mwingine anaweza kuwa na bando tele lakini ameketi chumba ambacho mawimbi hayafiki. Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata viungo hivyo, na tatizo lolote litakalokupata, jiulize kwanza liko kwenye kiungo kipi.

Kuitayarisha ruta

Ruta ninazokutana nazo katika nyumba za huku ni za aina mbili: zinazotumia laini ya simu na zinazotumia faiba. Kwa ile ya laini, hakikisha laini imesajiliwa, imeingizwa vizuri hadi mwisho wa tundu lake, na ina bando la data. Kwa ile ya faiba, hakikisha ule waya mwembamba haujakunjwa kwa kona kali, kwa maana ndani yake mna uzi wa kioo unaopitisha mwanga, na kona kali huupoteza mwanga huo au huuvunja uzi wenyewe. Kifaa cha faiba huwa na taa iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu, mwanga kutoka kwa mtoa huduma haufiki, na hakuna utakalolifanya kwenye kompyuta likasaidia.

Tumia adapta iliyokuja na ruta. Ruta nyingi hutaka volti 12, lakini zipo za volti 9 na za volti 5, na pini zake zinaweza kufanana kabisa na ile ya king'amuzi cha televisheni. Nimeona ruta ikiungua kwa dakika moja kwa sababu mwenyewe alichomeka adapta ya kifaa kingine. Maandishi ya adapta ni madogo, lakini yasome: volti zilingane na zile zilizoandikwa kwenye ruta, na ampea zisipungue. Ukishaiwasha, subiri dakika mbili au tatu hadi taa zitulie ndipo uishike kompyuta, kwa maana ruta nayo ina programu yake inayohitaji muda wa kuanza.

Sasa tuje kwenye mahali pa kuiweka, jambo ambalo watu wengi hulipuuza na ambalo mimi naliona lina uzito kuliko bei ya ruta yenyewe. Ruta nyingi za kisasa hutoa mawimbi ya namna mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ya kwanza yana urefu wa sentimita 12 na nusu hivi, ya pili karibu sentimita 6, na kwa kawaida haya mafupi hupoteza nguvu zaidi yanapokutana na ukuta ingawa hubeba data kwa kasi kubwa zaidi. Katika nyumba ya tofali za saruji za kawaida, ukuta mmoja unavumilika. Katika nyumba kongwe za Mikindani, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na zenye kuta nene, ukuta mmoja unatosha kuyafanya mawimbi ya gigahezi 5 yafike chumba cha pili yakiwa yamechoka kabisa. Bati, kioo kikubwa cha kujitazamia, friji na tangi la maji navyo huyazuia: chuma huyarudisha na maji huyanyonya. Usiifiche ruta nyuma ya televisheni wala ndani ya kabati la vyombo. Iweke juu, mahali pa wazi, kiasi cha usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama, na karibu na katikati ya nyumba.

Lakini kwa ruta ya laini ya simu ushauri huo wa katikati ya nyumba una kasoro, kwa kuwa ruta hiyo inahitaji pia kuuona mnara. Ukiiweka katikati, kiungo cha kwanza kitanawiri na cha pili kitadhoofika. Mimi huchagua dirisha kwanza. Huizungusha ruta kwenye madirisha mawili au matatu ya nyumba, hutazama taa za nguvu ya mawimbi ya mnara na hupima kasi kila mahali, kisha huchagua dirisha lililo bora na kusogeza meza ya kazi karibu nalo. Ni rahisi kuisogeza meza, mnara hausogei. Mwenye faiba hana mgogoro huo, ingawa ni vyema akamwomba fundi, siku ya kufungiwa, aufikishe waya sebuleni badala ya kuuacha kwenye kona ya kwanza anayoikuta.

Tulio karibu na bahari tuna adui mwingine. Katika nyumba moja ya Shangani, hatua chache kutoka ufukweni, nilichomoa waya wa mtandao kutoka kwenye ruta ambayo waya wake ulikuwa ukikatakata mawasiliano, nikaugeuza kichwa chake kwenye mwanga wa dirisha. Vile vipande vinane vya shaba vilivyopakwa rangi ya dhahabu vilikuwa vimeota ukungu wa kijani, vitatu kati yake vimelika hadi kuonekana vyeusi. Hiyo ni kazi ya chumvi na unyevu wa upepo wa bahari. Waya mpya ulimaliza tatizo. Kama nyumba yako iko pwani hivyo, usiiweke ruta kwenye dirisha linalopigwa na upepo wa bahari moja kwa moja, ziba matundu yasiyotumika kwa vifuniko vyake, na ifute kwa kitambaa kikavu mara kwa mara. Mijusi nao hupenda joto la ruta, na kinyesi chao hakifai karibu na matundu hayo.

Mwisho, igeuze ruta na usome kibandiko kilicho chini yake. Hapo utakuta jina la mtandao, nenosiri la mtandao, anwani ya ukurasa wa ruta, na pengine jina na nenosiri la kuingilia ukurasa huo. Kipige picha kwa simu ukikuze, kwa sababu makosa mengi ya nenosiri huzaliwa hapa: herufi O husomwa kama sifuri, herufi l ndogo husomwa kama tarakimu 1, na herufi kubwa huandikwa ndogo. Nenosiri la Wi-Fi halisamehi hata kosa moja la namna hiyo.

Kuiwasha kompyuta kwa mara ya kwanza

Kompyuta mpya kabisa yenye Windows 11 itakuongoza katika maandalizi ya awali, na katika toleo la nyumbani itadai intaneti kabla hujafika mwisho. Ndiyo maana nimesisitiza ruta iwe tayari kwanza. Ukifika kwenye ukurasa wa mtandao, chagua jina la mtandao wako, andika nenosiri, kisha endelea. Kama kompyuta ni mpya kwako lakini imeshatumika, kama nyingi zinazouzwa madukani kwetu, maandalizi hayo huenda yalishafanywa na mwingine, na utafikia moja kwa moja kwenye hatua ya kuunganisha.

Kabla ya hapo, tazama saa ya kompyuta, nalo si jambo dogo. Kompyuta iliyotoka nje huweza kuwa na saa za Marekani, na mtu akiona saa imekosewa huisogeza kwa mkono hadi ilingane na ya ukutani, huku ukanda wa saa ukibaki wa Marekani. Akifanya hivyo, kompyuta inaamini kwamba muda halisi wa dunia ni mwingine kabisa, na baadhi ya tovuti na huduma zinazokagua muda huweza kumkatalia kwa madai kwamba muunganisho si salama. Njia iliyo sahihi ni kubadili ukanda wa saa kwanza. Katika orodha ya Windows tafuta UTC+03:00 iliyoandikwa Nairobi, kwa kuwa saa zao na zetu ni zilezile, kisha uiache kompyuta ijirekebishe saa yenyewe itakapopata intaneti. Tarehe na mwaka navyo vitazame, hasa kama betri ilikaa dukani hadi ikaisha kabisa.

Kuunganisha

Katika Windows 11, bofya alama za mtandao na sauti zilizo kwenye kona ya chini kulia, au shika kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi A. Kijisanduku kitafunguka. Hakikisha hali ya ndegeni ("Airplane mode") imezimwa na Wi-Fi imewashwa, kisha bofya mshale ulio kando ya alama ya Wi-Fi ili uione orodha ya mitandao. Utaona na ya majirani. Chagua jina lililo kwenye kibandiko chako. Ukipenda kompyuta ijiunganishe yenyewe kila siku, acha alama ya vema kwenye kisanduku kilicho chini ya jina, bofya "Connect", kisha andika nenosiri. Pembeni mwa kisanduku cha nenosiri kuna alama ya jicho. Ishikilie ili uyaone uliyoyaandika, kwa maana nyumbani kwako huna wa kumficha.

Ukiona majina mawili yanayofanana, moja likiishia na 5G, usidhani hiyo ni 5G ya simu. Hayo ni mawimbi ya gigahezi 5 ya ruta yako. Jiunge nayo unapokaa chumba kimoja na ruta, na tumia lile lingine unapokwenda chumbani au barazani. Kompyuta za zamani nyingi hazina uwezo wa gigahezi 5 na hazitaliona jina hilo kamwe. Huo si ubovu.

Kisha Windows huweza kukuuliza, au kukuamulia yenyewe, kama mtandao huu ni wa umma au wa faragha. Kuuacha kuwa wa umma ni salama zaidi, na intaneti haipungui. Uweke kuwa wa faragha ikiwa tu una printa au kompyuta nyingine nyumbani ambazo unataka zionane na hii. Kwa kompyuta ya Mac, alama ya Wi-Fi iko juu upande wa kulia na hatua ni zilezile. Kwa kompyuta yenye mfumo wa Ubuntu, alama hiyo nayo iko kona hiyohiyo ya juu.

Alama ya Wi-Fi ikibadilika kuwa mviringo wa dunia, maana yake ni kwamba kompyuta haina intaneti kwa sasa. Ikibaki na mistari yake, fungua kivinjari na usome ukurasa ambao hujawahi kuufungua, ili uwe na hakika kwamba huoni nakala ya zamani.

Kulinda bando

Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu watu wamepoteza fedha zao. Kompyuta mpya ikishapata intaneti hukimbilia kupakua masasisho ya mfumo, ya draiva (programu ndogo zinazoendesha sehemu za kompyuta, kama Wi-Fi) na ya programu zilizokuja nayo, na jumla yake huweza kufikia gigabaiti kadhaa kabla hujafanya kazi yoyote. Kwa mwenye faiba isiyo na kikomo si neno. Kwa mwenye bando la laini, bando la wiki huweza kuisha usiku mmoja akiwa amelala.

Dawa ni kuiambia Windows kwamba mtandao huu hupimwa data. Ingia kwenye Mipangilio, sehemu ya mtandao na intaneti, kisha Wi-Fi, fungua sifa za mtandao wako na uwashe sehemu iliyoandikwa "Metered connection". Tangu hapo Windows itaahirisha sehemu kubwa ya masasisho yake. Katika Mac kuna hali ya data kidogo ndani ya maelezo ya mtandao husika. Pia sitisha huduma inayonakili mafaili yako kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni hadi utakapoihitaji. Hata hivyo usiyaache masasisho milele, kwa maana yanaziba matundu ya usalama. Tenga siku moja kwa mwezi, nunua bando la kutosha, na uyaruhusu yote; watoa huduma wengi huwa na vifurushi vya usiku ambavyo ni nafuu kwa kazi kama hiyo.

Ukurasa wa ruta

Ukiwa umeshaunganika, fungua kivinjari na uandike ile anwani ya kwenye kibandiko. Mara nyingi ni 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.8.1. Ukurasa huu umo ndani ya ruta yenyewe, kwa hiyo hufunguka hata bando likiwa limekwisha, na ndiyo sababu ni kipimo kizuri cha kiungo cha kwanza.

Nenosiri la kuingilia hapa si lile la Wi-Fi. Lile la Wi-Fi ni ufunguo wa geti. Hili ni ufunguo wa chumba cha mwenye nyumba. Libadilishe kwanza, kwa sababu mengi ya kiwandani yanajulikana na kila mtu. Kisha badilisha nenosiri la Wi-Fi: lisipungue herufi 12, na maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana, yaliyofuatana bila nafasi, hukumbukika kirahisi na ni magumu kubahatisha. Usitumie jina la mtoto wala namba ya simu. Kwenye sehemu ya usalama, penye orodha ya njia za kulinda mtandao, chagua WPA2, au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 kama upo. Ukichagua WPA3 peke yake, kompyuta na simu za zamani zitakataliwa. WEP, njia ya zamani, usiiguse, imejulikana kuwa dhaifu tangu mwaka 2001. WPS, ile njia ya kuunganisha kwa kubonyeza kitufe au kwa namba nane, izime pia, kwa kuwa udhaifu wa zile namba ulitangazwa hadharani mwaka 2011.

Jirani akikuomba mtandao, na huku kwetu ataomba, mfungulie mtandao wa wageni ikiwa ruta yako inao. Utamsaidia bila kumpa ufunguo wa vifaa vyako, na siku bando likibana unaweza kuuzima huo bila kugusa wa familia wala kuanzisha maneno.

Ikigoma

Kama kompyuta haioni mtandao wowote, hata wa jirani, tatizo liko kwenye kompyuta. Tazama hali ya ndegeni. Kwenye mashine za zamani tafuta swichi ndogo ubavuni, au kitufe kimojawapo cha safu ya juu chenye picha ya antena. Ikiwa Windows imewekwa upya dukani, huenda draiva ya Wi-Fi haimo. Unganisha simu ya Android kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, na kompyuta itapata mtandao wa kupakulia draiva hiyo kutoka tovuti ya mtengenezaji wake.

Kama inaona ya majirani na haioni wako, isogeze hadi hatua mbili kutoka kwenye ruta. Ikitokea hapo, tatizo ni umbali au kuta. Isipotokea, tazama kama ruta ina umeme na kama taa ya Wi-Fi inawaka.

Kama inakataa nenosiri ambalo una hakika nalo, na uliwahi kulibadilisha, huenda kompyuta ingali inatumia lile la zamani lililohifadhiwa. Ingia kwenye orodha ya mitandao inayojulikana, chagua kuusahau mtandao huo, kisha ujiunge upya.

Kama imeunganika lakini haina intaneti, jaribu kwa simu iliyounganishwa na ruta hiyohiyo, huku data ya simu ikiwa imezimwa. Simu nayo ikikosa, tatizo liko kwenye kiungo cha pili: bando, mnara au faiba. Simu ikipata, rudi kwenye kompyuta, fungua dirisha la amri ("Command Prompt"), andika ipconfig na ubonyeze kitufe cha kuingiza. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, kompyuta haikupewa anwani na ruta. Zima ruta, hesabu hadi 30, iwashe tena, kisha ujiunge upya. Kama intaneti ipo ila ni ya kuvutavuta, andika netsh wlan show interfaces na usome mstari wa nguvu ya mawimbi na ule wa chaneli, yaani njia ya mawimbi ambayo ruta inaitumia. Chaneli kati ya 1 na 13 humaanisha kwamba kwa kawaida uko kwenye gigahezi 2.4, na kuanzia 36 uko kwenye gigahezi 5. Katika gigahezi 2.4 ni chaneli 1, 6 na 11 tu zisizoingiliana. Ikiwa majirani wote wako kwenye 6, ihamishie ruta yako kwenye 1 au 11.

Kitundu cha kuirudisha ruta katika hali ya kiwandani, kile kinachobonyezwa kwa pini kwa sekunde kumi hivi, kiwe cha mwisho kabisa. Kinafuta kila ulichokipanga, na kwa ruta nyingine za faiba kinafuta pia taarifa za mtoa huduma, hata ukalazimika kumsubiri fundi. Kabla hujakigusa, mpigie mtoa huduma na umweleze mambo matatu: taa zipi zinawaka na kwa rangi gani, tatizo lilianza saa ngapi, na kama simu nayo imekosa intaneti kwenye ruta hiyohiyo. Ukiwa na majibu hayo mkononi, hakuna haja ya kuambiwa uzime na kuwasha kwa mara ya tano.